Mfupa Ulioota Nyongani mwa Toktosun

Bonde zima la Naryn lilimjua Toktosun kwa mapaja yake. Katika mchezo wa kunyang'anyana mzoga wa mbuzi juu ya farasi, alimbana farasi wake jike wa kijivu kama koleo, akainama hadi kofia ikafagia vumbi, akainuka na mzoga. Hakuwa na mke wala kondoo wa kujivunia. Alikuwa na farasi yule, basi.

Kiangazi kimoja, mchezoni, farasi wawili walimwangukia, kikombe cha nyonga kikapasuka. Huko Bishkek, mji mkuu, wakamuunga kwa vyuma. Daktari wake, mama mkavu wa maneno, akamwambia, "Baada ya upasuaji huu mfupa hupenda kuota penye nyama. Kesho utapigwa mionzi ya kuuzuia, mara moja tu, dakika chache. Siku ya tatu ikipita, haifai kitu."

"Nitapanda farasi?"

"Ukipigwa, huenda. Usipopigwa, usije kunililia."

Lakini mashine ilikuwa hospitali ya saratani. Kaka yake Shamyrbek, aliyemlea tangu baba yao afe, akatikisa kichwa. Vuli ile wakwe walikuwa waje kumvisha binti yake hereni za uchumba, na shangazi wa mchumba alikuwa mfagizi wa hospitali hiyohiyo.

"Akikuona pale, watasema damu yetu ina saratani. Hereni zitarudi mfukoni."

"Kaka, ni dakika chache."

"Na binti yangu akizeekea nyumbani, ni dakika chache? Eti mfupa utaota! Kwani wewe mti?"

Kwao neno la mkubwa halirudishwi. Toktosun akamwambia daktari hataki, akageukia ukuta.

Mfupa ukaota. Majani yalipogeuka manjano, nyonga ilikuwa imekaza kama bawaba yenye kutu. Mguu haukunjiki, hautanuki. Siku ya hereni wageni waliketi sakafuni kuzunguka chakula. Yeye aliwekewa kiti mlangoni, penye viatu.

"Huyu naye kakaa juu kama gavana," shangazi mfagizi akacheka. "Ana nini?"

"Alivunjika nyonga," Shamyrbek akajibu upesi.

"Mbona hamkumleta kwetu apigwe mionzi? Waliovunjika nyonga tunao kila wiki. Mimi ndiye huwafungulia mlango."

Shamyrbek akakohoa, akammiminia chai.

Hereni zikavishwa. Kwa furaha, Shamyrbek akamzawadia mkwe wake yule farasi wa kijivu wa Toktosun. "Humpandi tena," akamnong'oneza mdogo wake. "Anakula nyasi bure."

Toktosun akaomba ampande mara ya mwisho. Nje uwanjani wanaume wawili wakamwinua. Mguu ukagoma kuvuka mgongo wa farasi. Akabaki ametundikwa kifudifudi kwenye tandiko, kichwa upande huu, miguu upande ule.

"Mbuzi huyo!" mtu akapiga kelele. "Mnyakueni!"

Uwanja mzima ukaangua kicheko, na cha Shamyrbek kilisikika kuliko vyote.