Mkono wa Kulia wa Kinyozi Uweso

Saa moja asubuhi, barazani kwake mtaa wa Mabawa, kinyozi Uweso Sadalla anakikodolea macho kioo kana kwamba kimemtukana.

Kioo kimesimama katikati ya mikono yake. Wa kushoto uko mbele, unafumba na kufumbua vidole. Wa kulia, uliopooza kwa kiharusi, umejificha nyuma. Kiooni wa kushoto unaonekana wa kulia. Ubongo unadanganyika, unauhimiza mkono mgonjwa.

“Kwanza nilikataa,” anasema. “Mkono wa chooni ujifanye wa kulia ubwabwa? Hata uongo una mipaka!”

Tangu augue amejitenga na sinia ya wenzake. “Huu sasa ni wa kulia machozi tu,” anatania, ila mwenyewe hacheki.

Praxeda, mtaalamu wa tiba ya viungo aliyemfundisha zoezi hilo, alimwambia kuwa Ulaya kuna mashine ya kuusukuma mkono. Uweso akaruka: “Mashine tena? Za Dubai si ndizo zilizoniibia wateja!”

Kweli. Tangu milango ya biashara ya nje ifunguliwe, saluni za umeme zimezagaa mjini. Vichwa ishirini kwa siku vilishuka hadi sita, kisha kikaja kiharusi.

Mashine yake ni mkewe, Zuleha, anayemshikilia kiwiko. “Sukuma, Baba Khairiya! Mie si umeme, nachoka.”

Haraka yote hii ni ya Ijumaa. Mjukuu wake anatimiza siku arobaini, na nywele za kwanza za kila mtoto wa ukoo huu hunyoa yeye. Binti yake, Khairiya, hana ulimi wa kumkatalia.

“Baba ni baba,” ananong’ona, amempakata mwanawe. “Lakini utosi huu bado unapwita.”

Uweso analijua hilo, ndiyo maana amejiwekea mtihani: machungwa matatu ya Muheza, ayanyoe ganda bila kutoboa. Likitoboka hata moja, wembe atampa kinyozi mwenzake, Kombo.

Anaushika wembe kwa mkono wa kulia, ambao kwa zoezi lile umeanza kurudiwa na nguvu. La kwanza linapita. La pili, wembe unateleza. Maji yanachuruzika hadi kiwikoni.

“Limelia,” anasema Uweso.

Khairiya anainamisha uso, asionekane alivyofarijika.

“Basi, Ijumaa Kombo atanyoa. Mie nitashika kichwa, kwa mkono huuhuu. Mwakani nitarudi kazini. Hebu mlete mtoto, nijaribu kumshika.”

Khairiya anasita, kisha anamlaza mtoto juu ya mkono ule. Zuleha anapenyeza kiganja chake chini ya mkono huo.

“Toa,” Uweso anamwambia.

Zuleha hatoi.