Tundu Nililolinyoosha

Siku ya kwanza kwenye kiwanja kile cha juu ya mji wa Pinetown, kusini kabisa mwa bara, nilidhani nimeitwa kupanga kuni. Magogo meusi yalilala majanini, yamepindapinda, mengine yametobolewa na wadudu. Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini, nami nilikuwa seremala wa Tanga niliyejiona najua kila kitu.

Kumbe ile ilikuwa nyumba nzima ya mkulima wa Uingereza, ya karne kadhaa, iliyofunguliwa kipande kwa kipande na kuletwa kwa meli. Fremu yake haikuwa na msumari hata mmoja. Kila nguzo ya mwaloni ilichongwa ulimi unaoingia kwenye tundu la mraba la boriti, kisha kigingi cha mti kikapigwa kupita vyote viwili.

Msimamizi wetu, Mkongo wa makamo kutoka Bukavu, alinipa nguzo ya pembeni niisafishe. Nikaona tundu la kigingi kwenye ulimi limepishana na la kwenye boriti, kwa unene wa sarafu hivi. Nikacheka: wazungu hawa nao! Nikachukua keekee ya kutobolea, nikalinyoosha bila kumuuliza mtu.

Mchana msimamizi alipiga kigingi kwenye kiungo kingine. Palikuwa na mwanya wa kupitisha ukucha. Kigingi kikapinda kwa ndani, kikavuta, mwanya ukafumba mbele ya macho yangu.

"Unaona, petit, kijana? Walipishanisha matundu exprès, makusudi. Kigingi njo inavuta."

Basi kigingi cha tundu nililolinyoosha mimi kisingevuta kitu. Kesho yake fremu ingesimamishwa, na watu wangepanda juu yake. Hakuna aliyeniona. Ningenyamaza, kazi ningebaki nayo.

"Mzee," nikasema, "ile nguzo ya pembeni nimeitoboa upya. Nilidhani wamekosea."

Alinikazia macho. "Eish! Nyumba imesimama miaka yote hiyo, weye asubuhi moja unaisahihisha?"

Hakunifukuza. Tuliziba tundu langu kwa kipande cha mwaloni, nikatoboa tena pale walipotoboa wao. Kigingi kilipovuta, machozi yalinitoka, wala sioni haya kusema. Akaniamuru nichonge mkato kando ya kiraka, ili fundi wa baadaye ajue pameguswa.

Sasa nimestaafu. Nimejenga nyumba nyingi na sikuandika jina langu popote. Mkato ule ndio alama pekee niliyoiacha kazini, na inaonyesha nilipokosea.