Gambuti la Mama Mwenye Ploti

Kinyonga wangu alikataa kula siku sita. Nilimshikia panzi wazima kwenye nyasi nyuma ya ploti yetu ya vyumba vya kupanga hapa Munyaka, nikawaweka mbele ya mdomo wake, naye akageuza uso kama mgeni aliyepewa chakula kilicholala. Nikaenda kuuliza kwa agrovet. Mzee anayeuza dawa za ng'ombe alinicheka kwanza, kisha akaniambia kinyonga hali akitazamwa.

Nikajua ni nani anayemtazama. Kila asubuhi mama mwenye ploti alisukuma pazia langu kwa kidole, achungulie nimepika nini na nani amelala kwangu. Majirani walipata habari zangu kabla sijapiga mswaki.

Ningeweza kufunga dirisha. Sikutaka. Kesho yake nilimtoa kinyonga kikapuni nikamweka kwenye vyuma vya dirisha, pale pale pazia linapofunguka, nikakaa na chai yangu nikingoja. Kidole kikaingia. Jicho likafuata, likakutana ana kwa ana na lile jicho linalozunguka.

Mayowe yalisikika hadi barabarani. Alikimbia akaacha gambuti moja, buti lake la mvua, kwenye tope chini ya dirisha langu.

Hajachungulia tena, na kinyonga anakula vizuri. Mara mbili ameniuliza kama nimeliona gambuti lake. Mara mbili nimemjibu kwa heshima, "Sijaliona, Mama." Liko chini ya kitanda changu, limefungwa kitambaa mdomoni. Ndimo ninamofugia panzi.