Mgeni Asiyeniamkia na Kitanda cha Mama

Sinywi pombe, na mchana huo nilikuwa nimeshiba wali na perege, kwa hiyo usije ukasingizia ulevi wala njaa. Haya yalinipata mimi mwenyewe, hapa Lumemo, saa tisa alasiri, mlango wa karakana ukiwa wazi. Ukitaka kucheka, cheka. Wenzangu walishacheka wakachoka.

Mimi ni seremala, umri umeshavuka arobaini na tano, na nina ugonjwa mmoja ambao mke wangu anaujua vizuri: napenda kuamkiwa. Kijana akinipita bila shikamoo, siku yangu imeharibika. Lishike hilo, tutalirudia.

Wiki ile nilikuwa natengeneza kitanda cha mama. Alikuwa anahamia kwangu kutoka Malinyi, magoti yamemchoka, na miaka yote hiyo amelalia godoro la chini. Kumwinua asubuhi ilikuwa kazi ya watu wawili. Nilitaka alale juu, aamke mwenyewe bila kuomba mkono wa mtu. Lakini alitoa sharti. Baba yangu alikuwa mpasua mbao, na kabla hajafa alimwachia vipande vinne vya mninga vya miguu ya kitanda, akavipandisha darini kwa mikono yake. Kitanda chenyewe hakukifikia. Mti ulimwangukia porini nikiwa sijaota meno, na hatuna picha yake hata moja. Mama alivitunza vipande vile kuliko vyombo vyake vya ndani.

“Nikilala juu, nalala kwenye mbao za baba yako,” aliniambia. “La sivyo, niache na godoro langu.”

Na mama akisema kitu, amesema. Vipande vinne, miguu minne, wala hakuna cha tano cha kubahatishia.

Siku ya Alhamisi nilikuwa nachimba matundu. Kama hujui kazi yetu, ni hivi: mbao za ubavuni zinachongwa ncha ziwe kama ulimi, na ule ulimi unaingia kwenye tundu la mguu, unapigwa gundi, basi, hakitikisiki tena. Zamani tundu moja lilikuwa kazi ya patasi na nyundo asubuhi nzima. Siku hizi nina ruta, mashine ya umeme ya kuchimbia. Unaishika kwa mikono miwili, jino linazunguka katikati, unaibana kwenye kibao cha kuongozea halafu unashuka kidogo kidogo. Ukiwa na haraka, jino linaruka na mbao imekwenda.

Nilishamaliza miguu miwili mifupi ya miguuni na mmoja mrefu wa kichwani. Nikaubana wa mwisho kwenye jiliwa, kile chuma cha benchi cha kubania mbao. Mvua ilikuwa inapiga mabati, humsikii hata anayeingia mlangoni. Nilipoinua macho, mtu alikuwa amesimama ndani.

Alikuwa kijana wa miaka ishirini na tano hivi, miguu peku, shati amelifunga fundo kiunoni. Penseli hakuiweka sikioni kama sisi mafundi, aliichomeka kwenye nywele.

“Za kazi,” alisema.

Za kazi! Ananiambia mimi, ninayeweza kumzaa.

“Nzuri,” nilimjibu kwa ukavu. “Kwenu watu wazima hawaamkiwi?”

“Kwetu mdogo ndiye anayemwamkia mkubwa,” alisema, kisha akaniangalia, kama mtu anayesubiri kitu.

Niliona huyu amevuka mpaka. Kama si mvua, ningemwonyesha mlango. Nikamwambia akae kwenye rundo la mbao mpaka ianuke, ila asiniongeleshe. Hakukaa. Alikuja mpaka kwenye benchi, akaupapasa ule mninga taratibu sana.

“Cha nani?”

“Cha mama yangu.”

“Kiweke upande wenye ukuta,” alisema. “Yeye hulala ukutani. Hata joto likizidi, hakubali kulala ukingoni.”

Utaniuliza kwa nini sikushtuka. Niamini, nilikuwa na hasira. Mtu mwenye hasira ya shikamoo hasikii vizuri. Nilijua tu huyu kijana ana mdomo, nikawasha ruta nimzime kwa kelele. Nikiwa nataka kuishusha, akauwekea mguu ule kiganja.

“Mguu wa upande gani huu?”

“Wa kulia.”

“Na ule mwenzake uliomaliza?”

Nikageuka kuutazama, nikaliona kosa. Kila mguu una matundu mawili, na tundu la ubao mrefu wa ubavuni ni kubwa kuliko la ubao mfupi wa kichwani, kwa hiyo mguu wa kulia na wa kushoto lazima itazamane. Mimi nilikuwa nimechora alama zilezile upande uleule. Ningeshusha lile jino, ningepata kandambili mbili za mguu mmoja. Kitanda cha mama kingeishia hapo, naye angerudi chini kwenye godoro lake maisha yake yote. Kosa hilo tunawacheka nalo wanafunzi.

Nilizima, nikafuta, nikachora upya. Yule kijana akaushika mguu ule kwa mikono yote miwili kana kwamba haiamini jiliwa yangu. Nikawasha tena na kuchimba. Sijawahi kuchimba tundu likatoka vile, kuta zake laini, pembe zimetulia. Alikuwa anacheka peke yake akiangalia maranda yanavyoruka.

“Inakula vizuri,” alisema. “Sisi tungekesha.”

Nikainama kupuliza unga kwenye tundu. Nilikuwa nimeshatafuta neno la kumshukuru, maana hasira ilikuwa imeniisha. Nilipoinuka hakuwepo.

Badala yake akaingia Bi Zuhura na mwavuli wake. Huyu ndiye mwenye mashine ya kukoboa mpunga hapa jirani, na mchana wote huwa anakaa kibarazani akitazamana na mlango wangu.

“Jirani, jenereta umenunua lini?”

“Jenereta gani?”

“Mashine yako inalia, mimi nimekaa gizani. Umeme umekatika tangu nilipotoka kuswali adhuhuri.”

Nikabonyeza swichi ya ruta. Kimya. Nikabonyeza tena, kimya. Nikamuuliza yule kijana ameelekea wapi.

“Kijana yupi? Tangu mvua ianze hajatoka mtu hapo, wala hajaingia.”

Tukatazama chini wote wawili. Sakafu yangu ilikuwa imejaa unga wa mbao, laini kama wa muhogo. Nyayo zangu zilizunguka benchi, nyayo za Bi Zuhura zilitoka mlangoni. Za mtu wa tatu hazikuwepo. Bi Zuhura akaanza kusoma dua. Mimi nilifunga karakana, na mvua ile ikaninyeshea mpaka nyumbani.

Jumamosi mama alifika, kitanda kiko tayari. Alikaa juu yake, akainuka peke yake, akakaa tena, akainuka, akifurahi kama mtoto. Nilipoona hivyo nikapata ujasiri wa kumsimulia. Nilipofika kwenye penseli ya nyweleni akaacha kucheza na magoti yake. Nilipofika kwenye kulala ukutani, akashika ule mguu wa kulia.

“Hilo sijamwambia mtu,” alisema. “Hata wewe.”

Akaupapasa ule mninga. Halafu akaniuliza, “Ulimwamkia?”

“Yule? Yeye ndiye hakuniamkia, mama. Nilimgombeza.”

Mama alicheka mpaka machozi yakamtoka, na kwenye machozi hayo kulikuwa na machozi mengine.

“Akuamkie wewe,” alisema. “Baba yako akuamkie wewe.”

Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona. Miaka ishirini na tano alikuwa nayo alipokufa, kumbe hajaongeza hata mmoja, mimi ndiye niliyezeeka. Alisimama pale akisubiri shikamoo yake, nami nikamnunia.

Usinionee huruma lakini. Mama anaamka mwenyewe sasa, ananipikia uji kabla sijanawa. Analala ukutani, na ule upande mwingine wa kitanda hataki tuweke hata mto. Mimi kila asubuhi nikifungua karakana, kabla sijagusa swichi, nasema shikamoo, karakana ikiwa tupu. Bi Zuhura huitikia ameen kutoka kibarazani kwake. Wateja wangu pia nawaamkia, hata watoto wa shule, nao wanakimbia wakicheka. Nafurahi zaidi kuliko zamani nilipokuwa nasubiri kuamkiwa.

Kwa hiyo wewe unayenisikiliza, akiingia kwako kijana asikuamkie, tazama kwanza nyayo zake kabla ya kumkaripia. Na kama baba yako hukuwahi kumwona, usisubiri. Mwamkie wewe.