Eda Iliyopita Bila Mwenyewe

Mwamvita binti Salumu alikuwa mwanamke wa kazi, na Kasongo nzima ilijua. Mwaka ule Wabelgiji walipopigana na Wajerumani, serikali ilidai kila mtaa utoe mchele wa askari. Mwamvita alitwanga sehemu yake na ya jirani yake mja mzito, huku akimtania kwamba tumbo lile ni la uvivu tu. Mumewe, Lukumani, alikuwa amechukuliwa kuwabebea askari hao mizigo ng'ambo ya ziwa Tanganyika. Kwa hiyo alitwanga kwa moyo, maana huenda konzi moja ya mchele ule ingemfikia.

Siku chache baada ya Idi ya kuchinja alikuja mgeni aliyekonda, msalaba wa bati kifuani. Alikuwa Michel, Mbangubangu wa kijiji cha Wamaza, mpagazi mwenziwe Lukumani. Hakutaka hata kukaa.

"Mama, bwana yako alikufa," alisema. "Ni tumbo ya kuhara. Nilimuzika miye mwenyewe. Sala yenu siijui, nikamusomea yetu. Unisamehe."

"Lini?"

"Mwezi wa Rajabu, mwanzo-mwanzo. Yeye mwenyewe alikuwa anahesabu."

Mwamvita alimshukuru, akampa wali na maji, akamsindikiza mpaka njia ya Wamaza. Kisha akarudi kumaliza kutwanga. Hakulia. Moyo ulikuwa kama mguu uliokaliwa muda mrefu: ni wako, lakini ukiufinya hausemi kitu. Alijiambia kilio kitamkuta edani. Huko, katika nguo nyeupe, miezi minne na siku kumi bila soko wala kinu, atamlilia mumewe mpaka amalize.

Akaenda kwa Mwalimu Hemedi aliyesomesha watoto Kurani. Mzee alihesabu kwa vidole, akahesabu tena akitamani amekosea.

"Mwanangu, eda inahesabiwa tangu siku mutu anakufa, hapana siku habari inafika. Toka Rajabu mpaka leo karibu miezi sita. Eda yako ilishapita."

"Ilipita wapi, Mwalimu?"

Swali la kijinga, lakini mzee wa watu hakucheka. Mwamvita alilijibu mwenyewe njiani. Ilipita kinuni. Ilipita siku ya Idi ya Ramadhani, yeye akiwa na hina mikononi, akicheka mpaka mbavu zikamuuma. Alijua hilo lilipaswa kumchoma, akalingoja limchome, wapi!

Abedi, mdogo wake Lukumani, mvuvi wa Nyangwe, aliwasili vyombo vya hitima havijaoshwa.

"Shemeji, sheria imeshakufungua," alisema. "Nyumba ya ndugu yangu haiwezi kubakia hivi. Ijumaa tufunge ndoa."

Haraka haraka haina baraka, lakini tusimwonee bure. Mila ilimruhusu, samaki wakavu alileta kikapu kizima, na wanawake wote wa mtaa walisema mtu wa nyumbani ni afadhali kuliko mgeni. Mwamvita hakuwa na sababu ya kukataa, wala ya kukubali. Alijua jambo moja tu: akiingia nyumba ile atapika, atatwanga, atacheka tena, na Lukumani atabaki mtu asiyeliliwa na mkewe. Akarudi kwa Mwalimu.

"Nataka kukaa eda."

"Haiko lazima tena."

"Nikikaa, ni zambi?"

Mzee alifikiri sana. "Usiiite eda. Lakini kutulia mbele ya Mungu, hakuna mutu wa kukukataza. Kaa. Usiombe kitu. Yeye anajua vyenye viko ndani."

Mwamvita akatandika mkeka chumbani, akakaa. Yeye, ambaye hata wali aliula akiwa wima! Siku ya kwanza mikono ilitafuta mchi. Siku ya pili jirani alimtwangia sehemu yake, kichanga mgongoni, na Mwamvita alisikiliza mapigo yale akaona aibu, kisha hata aibu ikaisha. Alisema "Hasbiyallahu", Mungu ananitosha, mara nyingi, na neno lilitoka kavu. Alidhani Mungu hapokei maneno makavu. Siku ya nne alichoka kujikagua kama machozi yamekuja, akamwachia Mungu hata hilo la kutolia. Alilala vizuri.

Ijumaa Abedi alisimama mlangoni na kanzu mpya.

"Shemeji, watu wananingoja musikitini. Unasema nini?"

Mwamvita hakuinuka.

"Sheria inasema nimemaliza, shemeji. Miye sijaanza. Na wewe? Ndugu yako umeshamulilia?"

Tangu habari imfikie, Abedi alikuwa na mtumbwi wa kukodi, samaki wa kubeba, kanzu ya kushonesha, mashahidi wa kutafuta. Akavua makubazi yake polepole, akakaa kizingitini na kanzu yake ile mpya, akauficha uso ndani ya kofia.

Sauti iliyomtoka ilikuwa ya mtoto. Mwamvita aliisikiliza muda mrefu, kabla hajatambua kwamba mkeka wake pia ulikuwa umelowa.