Dawa ya Sikio Zima

Harufu ya samli iliyochacha hunitia kichefuchefu hadi leo. Watu wa kwetu hupenda kusema dawa chungu ndiyo iponyayo. Upuuzi mtupu.

Miaka ya arobaini tuliishi kwenye shamba la mahindi la mzungu, nje ya Kitale. Nikiwa na mama peke yetu nilikuwa chiriku; niligombeza hata paka. Akiingia mtu mwingine yeyote, hata baba, koo lilifunga. Nilitaka kusema, sauti haikuja. Mama alimwapia baba kwamba mtoto anaongea, baba akamwambia aache kuficha aibu. Shule ya misheni ilikuwa imekataa kuniandikisha kwa sababu sikuitikia jina langu, na baba alitaka nisome.

Basi akanipeleka Bungoma kwa dada yake, ambaye alijifanya mjuzi wa kila ugonjwa. Shangazi alisimama nyuma yangu akapiga debe kwa mwiko. Nililisikia, tena sana, meno yakatetemeka. Lakini boma zima lilikuwa likinikodolea macho, na shingo ikagoma kugeuka. Akatangaza kwamba mimi ni kiziwi.

Akachemsha samli kuukuu na maji ya tumbaku, akakoroga kwa kidole kilekile alichotoka kuchokonolea pua, akapuliza kidogo. Baba akanilaza ubavu na kunishika kichwa. Shangazi akamimina kwenye sikio la kushoto. Iliniunguza. Nikapanua kinywa nipige kelele, hakikutoka kitu. Mwili ulikakamaa kama gogo.

“Si mnaona?” aliwaambia majirani. “Mtoto musuri, ata halii.”

Akaongeza.

Usaha ulitoka, nzi wakanifuata kila niendako. Baba alifurahi, akasema uziwi unatoka. Nilichukizwa na mikono yake, na kinyaa hicho hakijaniisha.

Tuliporudi Kitale alitoka nje, nami nikamsimulia mama yote, kwa sauti, nikilia. Kumbe baba alikuwa bado mlangoni. Hakuuliza nalilia nini. Alimshukuru Mungu, akamkamata jogoo wa mama, akamfunga miguu ampelekee shangazi kwa asante.

Nilisimama mlangoni nikimtazama akienda. Mama aliniambia baadaye kwamba muda wote huo alikuwa amechuchumaa kushotoni kwangu, mdomo karibu na sikio, akiniita.