Harufu ya Bomba la Moto

Fundi anapasha bomba la plastiki nyuma ya nyumba yangu, na harufu yake inanirudisha uani kwetu Mtoni, siku ya mgao.

Maji yalitoka baada ya wiki nzima, na bomba likapasuka hapo hapo. Wapangaji wakasimama na ndoo zao, wakiyaangalia yakipotelea mchangani.

"Tumwite fundi," alisema baba mwenye nyumba.

"Mpaka aje, yatakuwa yameshakatika," mama akajibu.

Akanipa bomba nilikunje kwa nguvu ili maji yasimame. Akaepua chai, akakata palipopasuka kwa kisu cha samaki, akaupasha mdomo wa kipande cha pili juu ya mkaa mpaka ukalegea. Akauvalisha kwenye bomba nililoshika, akakaza kwa mpira wa tyubu ya baiskeli, akiuvuta kwa meno.

"Achia."

Halikuvuja hata tone.

Siku zote ndoo ya mwenye nyumba ndiyo iliyotangulia. Siku ile aliisogeza pembeni mwenyewe.

"Kinga wewe kwanza, fundi," akamwambia mama.

Ndoo ile ya mama niliibeba mie. Chumba chetu kilikuwa jirani na bomba, lakini niliizungusha ua mzima, nikipita kila mlango.